Fidla za Mtu Asiye na Ng'ombe

Dada Theresia,

Mimi mzima, ila baridi ya Karatu imenivalisha makoti mawili. Jana mchana tulioneshwa sinema kwenye ukumbi wa misheni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Kila mara tajiri mmoja wa Kizungu katika sinema hiyo alipoingia sebuleni kwake, fidla zililia. Nikajifanya mjuzi, nikamwambia mfugaji wa Olbalbal aliyekaa karibu nami, "Mzee, huo ndio muziki wa watu wakubwa."

"Ana ng'ombe wangapi?"

"Hana hata mmoja."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Ndiyo maana wanamlilia, masikini."

Wabusu watoto. Na wageni wakija Jumapili, usiwawekee tena ile santuri yako ya fidla, wasije wakakuchangia mbuzi.

Kaka yako akupendaye,
Petro