Makopo Manne ya Masizi

Baba Kulwa,

Nakuandikia nikiwa na hasira nawe, na najua si adabu kumkasirikia mtu aliye kaburini. Nisamehe. Ungeniona nilivyo leo, ungeniacha nipige kelele mpaka nichoke.

Tangu tulipokurudisha kutoka hospitali ya Kolandoto umefunikwa blanketi, mimi ndiye ninayeendesha karakana yetu ya raba. Kaka yako Masanja alitaka mashine ziuzwe matanga yakiisha, eti mwanamke haiwezi kazi hii. Nikamjibu kwamba miaka tisa nimekuchanganyia mpira kwenye roli zile, vile vyuma viwili vinavyoukanda, kwa mikono hii hii. Wazee wakanipa mpaka msimu wa pamba uishe. Kiburi changu kimenitokea puani.

Unakikumbuka kile kijiji cha Kishapu ulichokitengenezea raba ya pampu ya kisima? Ilidumu miaka. Ilipochakaa wakaja kwangu. Masizi yako, ule weusi wa kukazia raba, yalikuwa yamekwisha, nikapata gunia jipya kwa taabu, maana siku hizi hata sabuni haionekani dukani. Nikachota kama ulivyonifundisha: makopo manne kwa bonge moja la mpira, kila kopo na nundu yake, kama wapimavyo mtama gulioni. Nikatia salfa, nikabana kwenye kalibu, nikapika. Raba ikatoka nyeusi, inang'aa. Nilijisifu, mume wangu. Niliimba.

Siku ya tatu mama mmoja alikuja kwa miguu, raba kaifunga kwenye kanga. Imepasuka vipande viwili. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mayu, mama yangu, hiki ni kigae." Pampu imesimama, wanafukua mchanga mtoni wapate maji, na ng'ombe wanaswagwa nusu siku kwenda kunywa. Alipoondoka nilikaa sakafuni nikalia, mpaka Kulwa na Doto wakaogopa.

Ulikuwa ukisema juu ya vitu tunavyoutilia mpira, "Unga mweupe unajaza tumbo, masizi yanatia mifupa. Lakini mwili si mifupa mitupu." Hilo nililijua. Sikuelewa nimezidisha wapi, kopo ni lile lile! Nikakung'uta gunia lako la zamani, nikapata kopo moja, nikalipeleka kwenye mizani ya sukari ya jirani yetu Bwana Hirji. Masizi yako yalikuwa vumbi, mepesi kama pamba. Haya mapya yamefinywa yakawa chembechembe, mfano wa ulezi, na kopo lake moja lina uzito wa karibu makopo matatu ya yako. Chembe niliziona, Baba Kulwa. Nikafurahi kwamba hazinichafui uso.

Kwa nini hukuniandikia uzito, hata kwenye kipande cha karatasi? "Kichwa changu ndicho daftari," ulinijibu, ukacheka. Sasa daftari tumelizika, na mimi sina wa kumuuliza.

Mpira mbichi uliobaki unatosha raba moja tu. Na ule uzito wenyewe siuamini sana: masizi yako yalikaa chini ya gunia muda mrefu, huenda yalishindiliana yakanidanganya. Masanja amesikia yote. Kesho kutwa anamleta mtu wa kuzitazama roli, na nisipokuwepo kumzuia atamuuzia. Silali. Naogopa, mume wangu, naogopa mpaka kitu kimoja nakipima mara tatu.

Hata hivyo nimeichanganya raba hiyo asubuhi hii. Kwa uzito, si kwa kopo. Iko ndani ya kalibu, inaiva ninapoandika haya. Nilifikiri nibaki nilinde mashine, raba nimpe mtu aipeleke. Halafu nikamkumbuka yule mama na vumbi la miguuni mwake. Nimeshindwa kubaki.

Watoto nimewapeleka kwa mama yangu. Naibeba mwenyewe mpaka Kishapu, niifunge pampuni kwa mkono wangu, nikae pale kisimani siku tatu, nne, hata juma zima. Ikipasuka, wanitukane nikiwa mbele yao. Masanja akija atakuta kufuli. Akilivunja, alivunje.

Pumzika, Baba Kulwa. Hasira zangu zisikusumbue, ni za mtu anayekukosa. Nakuahidi jambo moja tu: sirudi mjini mpaka nimwone yule mama akijitwisha ndoo yake, imejaa.

Mkeo,
Mama Kulwa