Nimeibadilisha Kandambili kwa Pikapu Yako

Kasulu,
Jumapili jioni.

Gervas, Mtani wangu,

Mwakeye. Najua hiyo ni salamu ya asubuhi na sasa jua linazama, lakini ndiyo Kiha chote ulichofaulu kunifundisha kwa miaka sita, kwa hiyo ipokee hivyohivyo.

Nina habari. Kandambili haiko tena uani kwangu. Pale ilipokuwa ikilala sasa imesimama pikapu yako, na leo nimeiendesha mwenyewe kutoka Kasulu mpaka Kitanga na kurudi. Ndiyo, mimi. Cheka umalize, halafu unisikilize, maana kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hai na limenikaa kooni mwaka mzima.

Unaikumbuka siku Kandambili ilipofika? Gari la michezo, jekundu, milango miwili, bawa nyuma, otomatiki. Nilidunduliza mshahara wa ualimu miaka na miaka nikalipata Dar, na kwa kuiogopa barabara nikalileta limepanda juu ya lori. Chuo kizima ninakofundisha kilitoka kuangalia. Wewe ulilizunguka mara mbili, mikono nyuma, vilevile unavyokagua mahindi yenye ugonjwa, bwana shamba we, ukasema, "Mtani, hii ni kandambili. Nyekundu, iko chini, na mvua ikinyesha haina kazi." Haikufika Ijumaa mji mzima ukawa unaliita hivyo. Hata wanafunzi wangu.

Kisha ukauliza gia ziko wapi. Nikakuonyesha. Ukasema gari linalojipangia gia lenyewe ndilo linalokuendesha wewe. Nikapandwa na hasira, nikakujibu kwamba gari la gia nimeliendesha tangu utoto kule Urambo, kwenye trekta la tumbaku la mjomba wangu. Mtani, ule ulikuwa uongo. Mjomba hakuwa na trekta. Alikuwa na baiskeli.

Ulikuwa uongo mdogo tu, wa kumziba mdomo Muha. Ningeufuta kesho yake tungecheka yakaisha. Sikuufuta. Tulipokwenda Kibondo kwenye harusi ya mpwa wako, wakati wa kurudi ukanirushia ufunguo wa pikapu, nami nikasema aa, nimekunywa, endesha wewe. Ukaendesha. Kiwiko nje ya dirisha, kofia yako ya majani imekaa upande, unapiga mluzi nyimbo za kanisani na kila wimbo unaukosea palepale kwenye kiitikio. Nikashukuru moyoni kwamba nimepona.

Wapi! Sikuwa nimepona. Siku ile ya Kitanga ilikuja.

Tulikwenda kuangalia maharage yako, na mimi nikaangalie mizinga yangu ya nyuki uliyoniruhusu niitundike kwenye miti ya mpakani. Ulikuwa unanisimanga kwamba mimi najua chaki tu, ukanyamaza katikati ya maneno. Ukakaa kwenye tuta. Ukashika kifua, ukanipa ufunguo, ukasema, "Mtani, washa gari." Basi.

Wanaume wawili waliokuwa wanapalilia shamba la jirani wakakubeba, wakakulaza nyuma ya pikapu. Mimi nikakaa kwenye usukani. Nikawasha, ikaruka mbele, ikazima. Nikawasha tena, ikazima. Nilikuwa nimekutazama ukiendesha siku zisizo na idadi, nikadhani kutazama ni kujua. Klachi, gia, mafuta, nilikuwa navitaja kwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza, na mguu hausikii. Mara saba, Gervas. Ya saba gurudumu likaingia mtaroni. Hapo ndipo nikapiga kelele kwamba sijui, sijui kuendesha gari la gia! Mmoja wa wale wapaliliaji akatimua mbio mpaka shuleni kumwita Mwalimu Bakari, mwalimu mkuu wa pale. Akaja na chaki mkononi, akatutoa mtaroni, akatukimbiza hospitali. Nilikaa nyuma nimekupakata kichwa. Sijui tulipoteza dakika ngapi. Mimi niliziona zinatosha kuua mtu.

Uliishi siku mbili. Siku zote mbili nilikuja hospitali, nikafika mpaka kwenye benchi la nje ya wodi, nikakaa, nikaondoka. Nisamehe. Ningekutazama na uso gani?

Msibani nikaharibu zaidi. Unajua kazi ya mtani msibani kuliko mimi. Wazee wa Kitanga walikuwa wananingoja, Mnyamwezi wao, nizuie jeneza, nidai changu, nivae nguo za marehemu niigize mwendo wake mpaka wafiwa wapumue kidogo. Mzee mmoja wa ukoo wenu akaniletea kofia yako ya majani kwa mikono miwili. Nikaikataa. Nikaenda kukaa nyuma kabisa, nikalia kuwashinda ndugu zako wa damu. Nikasikia wananong'ona, huyu mtani gani analia? Ukazikwa bila utani, kama mtu aliyeishi bila watani. Wao walidhani ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, lakini nilikuwa pia najiuliza nitamtaniaje mtu niliyemuua mwenyewe.

Mwaka mzima nimetembea na neno hilo, kuua. Nafundisha nalo, nakula nalo. Kitanga sikukanyaga tena. Nyuki nikawaachia Mungu.

Pikapu ilibaki bandani kwako, kuku wakataga mayai nyuma yake. Mwezi uliopita, Jumamosi, mkeo, Mama Edina, akaja kwangu na mkungu wa ndizi kichwani. Akautua, akapangusa jasho, akasema bila kuzunguka, "Shemeji, naitaka Kandambili." Nilidhani ananitania. Akaeleza. Shule anayofundisha ni ng'ambo ya pili ya mji, na lile goti lake la kushoto unalijua, klachi haliiwezi kabisa. Otomatiki ataimudu. Pikapu yako hataki kumuuzia mtu asiyekujua. Basi tubadilishane, gari kwa gari. "Na nyuki wako kule Kitanga utawafuata na nini? Kandambili?"

Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri wiki nzima, na sababu nilizozipata zilikuwa nzuri kweli. Kwamba watu watasema Mnyamwezi kamzunguka mjane kwa gari la marehemu. Kwamba pikapu ni kuukuu na inakunywa oili. Kwamba Kandambili ndicho kitu pekee kizuri nilichowahi kununua maishani, na kila nikiiosha Jumapili nafsi yangu inatulia. Yote kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yenyewe. Sababu ilikuwa moja tu. Nikiutazama usukani ule nasikia injini inazima na wewe umelala nyuma.

Mama Edina akarudi kuchukua jibu. Nikaanza na watu watasema nini, akanitazama tu. Nikaja na habari ya oili, akanitazama tu. Unalijua jicho lake. Mwisho nikashindwa, nikayatapika yote, ya trekta, ya Kibondo, ya mara saba, ya benchi la hospitali. Nikamwambia, shemeji, mumeo amekufa kwa sababu mimi ni mwongo.

Gervas, mkeo alicheka. Alicheka, akaziba mdomo kwa kanga, machozi yakamtoka hukohuko ndani ya kicheko. Akasema, "Shemeji, ni hilo tu? Ndilo limekufanya utukimbie mwaka mzima?"

Ndipo nikaambiwa yako. Kwamba daktari wa Mwanza alishakueleza, mwaka mmoja kabla, kuwa moyo umetanuka na siku yoyote unaweza kugoma. Kwamba hata daktari wa hapa alimwambia Mama Edina waziwazi kuwa hata ungelazwa wodini wiki nzima kabla, mwisho ungekuwa uleule. Kwamba dawa zako ulizificha kwenye kopo la mbegu za karoti ili mimi nisizione. Ala! Kumbe ndiyo maana siku ile ulininyima mbegu za karoti! Nilikuona bahili, nikakutangaza chuo kizima. Ulinificha moyo na mimi nilikuficha mguu. Waongo wawili kwenye pikapu moja.

Akaniambia pia kwamba ulikuwa unajua. Ulijua tangu Kibondo, kwa sababu kile nilichosema nimekunywa kilikuwa soda ya machungwa, na uliinunua wewe. Na kwamba pale kitandani, binti yako Edina akiwa amekaa miguuni pako, ulimsimulia mkasa wote mpaka nesi akaja kukukemea kwa kucheka. Ati ulikuwa umelala kule nyuma, kifua kinakuuma, unahesabu. "Kaizima mara saba! Babu zake walibeba mizigo kwa miguu mpaka Bagamoyo, yeye mguu mmoja wa klachi umemshinda!" Mama Edina aliniigizia mpaka sauti yako.

Akaniambia na hili: uliuliza mara mbili mbona siji. Hilo halijanitoka, wala sidhani litatoka. Nalibeba, ni haki yangu kulibeba. Lakini lile jingine, lile kubwa, limetoka. Nililia pale sebuleni mbele ya mkeo bila aibu yoyote, kisha nikala ndizi nne mfululizo, nikagundua kwamba tangu tukuzike sikuwa nimesikia njaa ya kweli. Nikamwambia, shemeji, chukua Kandambili. Nikamwomba wiki tatu tu za kujifunza, ili pikapu itoke kwake ikiendeshwa na mwenyewe, isivutwe kwa kamba kama ng'ombe wa mnada.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Bakari. Nilimpigia simu nikitegemea atanicheka, akasema tu, "Njoo, uwanja wa mpira upo wazi jioni." Alikuja mjini kuichukua pikapu, tukawafukuza kuku, akaendesha yeye mpaka uwanjani. Siku ya kwanza niliizima mpaka nikapoteza hesabu. Nikataka kushuka. Akaniambia, "Za uwanjani hazihesabiwi, mwalimu. Washa." Siku ya nne nikapapata pale mahali ambapo klachi inashika, gari linatetemeka kidogo na linataka kwenda. Mtani, ni kitu kidogo namna ile! Ungenifundisha kwa alasiri moja, kama ningefungua mdomo.

Leo ilikuwa misa ya mwaka wako. Kandambili isingefika kule Kitanga, kwa hiyo Mama Edina na Edina walipanda kwangu. Misa ikaisha, watu wakatangulia shambani kwenye kaburi lako. Mimi nikabaki nyuma kidogo na gari. Nyuma ya kiti kulikuwa na ile kofia niliyoikataa. Mama Edina ndiye aliyeiweka pale, hakuniambia kitu.

Nikaivaa, upande. Nikatoa kiwiko dirishani. Nikapiga mluzi wimbo wa kutoka misani, nikaukosea kwenye kiitikio, na hapo sikuhitaji kuigiza, mluzi wangu ni mbaya kuliko wako. Nikaupanda mlima kwa gia ya pili, nikapita pale penye mtaro bila kupatazama. Watu wakageuka. Bibi mmoja akapiga ukelele, "Gervas huyo! Jamani, Gervas!" Wakacheka, wakalia, wengine vyote viwili. Nikashuka kwa mwendo wako ule wa kuburuza mabuti, mikono nyuma, nikakagua maharage, nikatikisa kichwa. Nikaenda mpaka kaburini nikakugombeza mbele ya watu wote: toka humo, mvivu we, magugu yamefika magotini na wewe umelala! Halafu nikakalia chungu cha chakula, nikasema hali mtu mpaka mtani apewe jogoo. Nimepewa. Yuko hapa uani, amefungwa kwenye bampa ya gari lako. Deni la msiba nimelilipa, Mtani. Nimechelewa mwaka, lakini nimelilipa.

Ninakuahidi mambo mawili. Edina atajifunza gari kwenye pikapu hii, gia kwanza, kabla hajaigusa Kandambili ya mama yake. Na mimi, nikiulizwa kama naweza jambo nisiloliweza, nitasema siwezi, kabla ufunguo haujafika mkononi mwangu.

Nilitaka kuishia hapo, na heshima zangu zote. Lakini nimeshaapa kutokudanganya. Wakati wa kurudi, pale kwenye kona ya mlimani, mbuzi akakatiza njia, nikakanyaga breki nikaisahau klachi. Ikazima. Mama Edina akatazama nje ya dirisha. Na Edina, binti yako, mwenye mdomo wako uleule, akasema taratibu kutoka pembeni yangu:

"Nane."

Tulicheka mpaka mbuzi akakimbia. Pumzika, Gervas.

Mtani wako,
Maganga