Disketi ya Barua ya Mama

Ukunda,
14 Juni 1998.

Kaka yangu Tembo,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako, na za wanangu wawili ambao hawajaacha kuulizia peremende zako. Kikohozi kimekuachia? Najua huko Nairobi baridi imeingia, nawe kuvaa sweta mpaka ugombezwe. Sisi tu wazima, ila kazi hakuna. Tangu vurugu za mwaka jana wageni hawaji, na ile hoteli niliyokuwa karani wake ilifungwa Desemba.

Disketi uliyoirudisha kwa basi imefika. Umeniandikia kwamba umeijaribu kwenye kompyuta tatu za ofisini kwenu, na kila moja inasema barua ya mama haionekani. Kwanza nilikujibu kwamba programu yenu ni ya zamani. Ukatafuta mpya. Nikasema basi mashine ina vumbi. Ukaisafisha. Pole, kaka. Nimekuzungusha bure miezi minne.

Ukweli niliujua tangu Februari. Maxwell, fundi wa kompyuta hapa Ukunda, alinionyesha kijishale kidogo pembeni mwa jina la barua, kabla sijakutumia disketi. Akanieleza kwamba siku ile ya mwisho kazini, kwa haraka zangu, sikunakili barua yenyewe. Nilinakili alama tu ya kuonyesha barua ilipo, na ilipo ni ndani ya kompyuta ya hoteli. Nikakimbilia huko. Mzee Mwero, bawabu, akaniambia kompyuta zilishauzwa, na aliyezinunua alizifuta zote kabla ya kuzipakia. Nilikaa pale pale mchangani nikalia, wala sikujali nani ananitazama.

Utauliza daftari nililoandikia maneno ya mama liko wapi. Siku tisa mama alinitajia maneno ya kukuandikia wewe, akiwa kitandani hospitalini kule Msambweni, nami nikiandika. Kila ukurasa niliomaliza kuupiga chapa niliuchana nikawashia jiko. Mama aliponiuliza kama maneno yake yako salama, nilimcheka, nikamwambia kompyuta haisahau. Lo, kiburi changu!

Mficha uchi hazai, kaka, basi nimalize. Siku ya mwisho, kabla hajafariki, mama alinitajia maneno ya kufungia barua. Sikuyaandika popote. Nilikuwa na kinyongo nawe kwa vile hukuja kumzika baba, nikaona usiyapate kirahisi hivyo. Sasa yale niliyoyaandika yananipotea, hata majina ya wazee wetu wa Taru aliyokutajia siyakumbuki sawasawa. Yaliyobaki ni hayo niliyokunyima. Mama alisema nikwambie kwamba alikusamehe siku ile ile, kabla kaburi la baba halijafukiwa, na kwamba sahani yako ya bati nisimpe mtu.

Nami nakuomba radhi. Sina la kujitetea.

Nisalimie wifi Immaculate, mwambie kanga zake nimezipokea. Ukikasirika, kasirika, lakini uje. Sahani ninayo.

Ni mie dadako,
Kanze