Nilivyoisingizia Mizani

Upo? Usicheke kwanza. Leo nimeaibika mbele za watu.

Leo ndiyo tumeanza ule utafiti wa afya, kupima watu uzito nyumba kwa nyumba. Kabla ya kupima wenyeji, mpimaji hupanda mizani mwenyewe, aone kama inasoma uzito wake anaoujua. Ikanisomea kilo sita pungufu kuliko siku ya mafunzo, mwanzo wa mwaka. Kilo sita! Nikampigia msimamizi: mizani imeharibika, kazi isimame.

Akaja na mizani nyingine. Nikapanda. Kilo zilezile.

Dereva wetu, yule Bonge, akapanda zote mbili. Hajapungua hata punje. "Dada, mizani nzima hii, unaisingizia bure!" Wenye nyumba wakacheka. Na mimi nikacheka.

Msimamizi akanivuta pembeni, akauliza taratibu: "Mdogo wangu, kilo sita zote hizo? Nyumbani hawakukuambia kitu?"

Nikamjibu, waliniambia.

Yaani nimesema waliniambia! Akina nani, ndugu yangu? Tangu tumzike mama, nyumba ile ina mimi na redio. Nguo zilipopwaya nilidhani zimechakaa. Napika, nakula vijiko viwili, nafunika.

Hata wewe sikulaumu. Tunaandikiana tu, ungenionea wapi?

Kesho asubuhi nakwenda hospitali. Naomba unisindikize. Usilete chochote. Njoo tu unitazame, kisha uniambie ukweli.