Ng'ombe Wako Yuko kwa Serikali

Baba yangu,

Shikamoo, huko uliko. Nakuandikia nikiwa na kinyaa. Leo nyapara amepita hapa Itigi nyumba kwa nyumba akikusanya mchango. Bwana wa reli anarudi kwao Ulaya, eti tumpe zawadi ya kumuaga. Nitakueleza nilivyomjibu, ila kwanza tukumbushane ile asubuhi.

Mlipangwa mstari kando ya reli, nami nilikuwa nimekuletea uji. Bwana akasema, karani akatafsiri: "Ulaya kuna shida kubwa. Mishahara inapunguzwa. Vumilieni, mambo yakitengemaa itarudishwa." Wenzako wa gengi la reli wakaweka nyundo chini. Wewe ndiye uliyewaambia waziokote.

"Kwetu Mtinko," ulisema, "jirani akipatwa na shida unampelekea ng'ombe akae kwake. Anakunywa maziwa, akisimama anamrudisha na ndama juu. Leo jirani mwenye shida ni Serikali." Wakakuamini, kwa kuwa hukuwa mtu wa maneno mengi. Jioni ukampelekea Bwana kibuyu cha asali, kumpa pole. Pole, baba! Alikipokea kwa ncha za vidole, akamkabidhi mpishi, na ulipompa kisogo akacheka. Nilimwona.

Mama alikuwa akichuja nta kwa tajiri wa sokoni. Wiki haikuisha, naye akapunguziwa. Alipouliza sababu akajibiwa, "Serikali imekata, mimi ni nani nisikate?" Nta ilikuwa inanunuliwa vilevile, na tajiri alikuwa ananenepa vilevile. Shida ya Ulaya ilimfikia kama mwaliko wa harusi.

Mama alirudi amevimba kwa hasira, akakuuliza, "Mshahara wamekata. Kodi mbona hawakuikata?" Kodi ilipodaiwa, tukamswaga mtamba wetu mweusi hadi mnadani. Nililia njia nzima, ukanishika bega. "Usilie, mwanangu. Tuna mwingine, yuko kwa Serikali."

Miaka ikapita. Bwana akapata motokaa mpya, nyumba yake ikaezekwa upya. Kila alipopita ulivua kofia ukamtazama usoni, kama mtu anayengoja kuambiwa jambo. Ulikufa na mshahara uleule uliokatwa, na hata kitandani ulikuwa ukisema, "Watarudisha. Mtu mzima hali ng'ombe wa jirani."

Hilo ndilo linalonitia kinyaa, baba. Wezi nimewaona wengi, na mwizi wa kuku angalau hukimbia. Hawa walikula huku wamekaa, wakakuacha uwapigie magoti, na hawakuona haya hata kidogo.

Basi nyapara aliponinyooshea kikapu, nikamwambia, "Sisi tulishachanga. Mwambie Bwana, kabla hajapanda treni, ng'ombe wa baba yangu yuko kwake. Amwache hapa, pamoja na ndama zake."

"Umerukwa na akili, binti," akasema. Lakini mzee mmoja wa gengi lako, aliyekuwa nyuma yake na hela mkononi, alinitazama, akairudisha mfukoni, akaenda zake bila kuaga. Nadhani aliikumbuka ile nyundo uliyomwambia aiokote.

Pumzika sasa, baba. Usingoje tena, kungoja huko nimekupokea mimi.

Mwanao wa kwanza,
yule wa uji.