Mwiko wa Ugali Kwenye Boksi la Stima

Shangazi Nalianya, nakuandikia nikiwa nimechoka na mume, nimechoka na stima, na sijui nianze na gani.

Tunapanga hapa Kitengela, na tangu mvua ianze stima ya nyumba yetu inapotea na kurudi inavyotaka, nikipiga pasi inaenda, nikiwasha shawa ya moto inaenda, na ukichungulia nje majirani wote taa zinawaka, mita yetu nayo inaonyesha tokeni ziko, sasa mume wangu Obura akaamua kwamba jirani yetu Nurto anatuibia stima kwa sababu yeye ana friza ya maziwa ya ngamia na taa zake hazizimi, akaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti, "Kuna mama hapa anauza maziwa na stima ya wenyewe, na anajijua." Shangazi, huyo Nurto ndiye alikuwa anakaa na binti yetu Ajwang akitoka shule mpaka nirudi kutoka kazini Nairobi, anamlisha, anamsimamia homework, hajawahi kutuitisha chochote, na sasa amefunga mlango wake na salamu yangu haitikii, nami simlaumu.

Obura hataki fundi, anasema fundi ni wa nini na mwizi anajulikana, yeye amegundua dawa yake, ukiligonga boksi la swichi pale jikoni na mwiko wa ugali stima inarudi, ati mbao haipitishi stima, kwa hivyo mwiko siku hizi unakaa juu ya boksi na ugali nasonga na kijiko. Juzi nimerudi nikapata Ajwang yuko peke yake juu ya stuli, mwiko mkononi, akaniambia, "Mum, inalia kama kitunguu kwa mafuta, lakini nikiigonga inanyamaza." Nilimwambia Obura, akacheka, akasema mtoto ni mwerevu. Nihame, nimwombe Nurto msamaha kisiri, ama nifanye nini?

Apondi, Kitengela

Apondi, pole, halafu nisikilize, kwa sababu umenikasirisha. Umeandika barua nzima juu ya mwizi, na kile kilichonitoa jasho ukakiweka mwisho. Boksi linalolia hivyo kwa kawaida lina waya uliolegea, unarusha cheche, na cheche zinaunguza plastiki kidogo kidogo. Ukisimama karibu nalo nadhani utasikia harufu.

Sasa muulize Obura swali moja. Kama Nurto ndiye anavuta stima, kugonga boksi jikoni kwako kunamzuia vipi? Anasikia mwiko anaachilia? Stima inarudi kwa sababu waya unagusana tena kidogo, mpaka pasi ivute nyingi uachane tena. Mita inaonyesha, majirani wana taa, maana yake stima inafika kwenu na inapotelea humo ndani. Mlikuwa na ushahidi wote, mkaenda kuumwaga mlangoni kwa jirani.

Zima swichi kubwa leo, kwa mkono mkavu, na ikae hivyo. Usifungue boksi. Ukilikuta lina joto jingi au moshi, usiliguse, toka na mtoto upige simu ya dharura ya stima. Mwenye nyumba alete fundi aliye na leseni, akaze waya zote na abadilishe kilichoungua. Obura akikataa, mwambie atandike godoro lake chini ya boksi.

Msamaha wa kisiri sahau. Kwani Nurto alitukanwa kisiri? Obura aandike kwenye grupu ileile, amtaje kwa jina, bila "kama nilimkosea mtu", kisha muende wote wawili mbishe mlango. Akikataa kufungua, ana haki yake.

Najua utaniambia hamwezi kukaa gizani. Mtakaa, na tochi ya simu. Wewe chukua mwiko wako usonge ugali kwa gesi. Na kesho Ajwang akitoka shule, asiingie nyumba hiyo peke yake, hata kama ni wewe utakosa kazi. Baba yake amemfundisha kwamba moto ukilia unagongwa unyamaze, na yeye ni mtoto mtiifu.