Nabalayo Hana Malaria

Alhamisi, 14 Juni 1956

Mama Nabalayo,

Chai imo kwenye chupa. Maharagwe yanahitaji saa moja zaidi motoni. Kuku hawajalishwa, kosa ni langu.

Nimekwenda Njoro na binti yetu kwa treni ya asubuhi, wala usishtuke. Unaikumbuka ile ratiba niliyombandikia ukutani ili imtoe kitandani? Leo ameisoma kwa makini kama mkaguzi wa shule, kisha akaniuliza, "Baba, saa ya kulia machozi umeiweka wapi?" Nimeibandua.

Juzi daktari aliponiambia kwamba huzuni ya miezi miwili ni ugonjwa, si uvivu, nilimbishia. Leo nimesalimu amri. Alinitajia muuguzi wa huko Njoro, Sista Chepkorir, ambaye kila Alhamisi huketi na vijana wa rika la binti yetu na kuwasikiliza. Daktari aliniomba pia nisiende na hotuba. Nitajaribu.

Tutarudi ~~saa tisa~~ jioni; nisingependa kumharakisha.

Majirani wakiuliza, ~~sema ana malaria~~

Amesoma nikiandika, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Pasaka. "Baba, mimi sina malaria."

Basi waambie anaumwa na huzuni, na kwamba tumekwenda kumtafutia msaada. Nilisita kuliandika hilo, nikaiweka kalamu chini. Yeye ndiye aliyenirudishia kalamu mkononi.

Baba Nabalayo